Jinsi ya kuchora athari za tetemeko la Lisbon la 1755 kwa kutumia barua za kale na saa zisizolingana

Tetemeko lililoipiga Lisbon, mji mkuu wa Ureno, asubuhi ya Jumamosi, tarehe 1 Novemba 1755, halikupimwa na chombo chochote. Tunachokijua kimetoka hasa kwa watu walioandika: maparoko, manahodha, makarani wa bandari, mabalozi, wafanyabiashara. Maandishi yao yametapakaa kuanzia visiwa vya Karibi hadi Skandinavia, na hakuna mawili yanayokubaliana saa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyageuza kuwa jedwali la athari, ratiba ya matukio na ramani.

Kanuni inayobeba kazi yote ni kwamba kila athari ina mbebaji wake. Mtikisiko wa ardhi hubomoa nyumba na kufika Uskoti kwa dakika kumi hivi. Wimbi la bahari huchukua saa nne kufika kusini-magharibi mwa Uingereza, na saa saba na ushei kufika Barbados. Moto huteketeza kwa siku kadhaa. Kodi na amri za serikali hufanya kazi kwa miaka. Ukiandika tu kwamba "tetemeko liliharibu Lisbon", umeviweka vitu vinne kwenye gunia moja, na hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia.

Saa zote humu ni za Kiswahili: saa 3:40 asubuhi ni ile ambayo vitabu vya Ulaya huandika 9:40. Ukinakili kutoka vitabu hivyo, badilisha mara moja tu, katika safu moja ya jedwali, usije ukatoa saa sita mara mbili.

Kwanza, funga mipaka ya tukio

Andika juu ya jedwali lako: 1 Novemba 1755, kati ya saa 3:30 na saa 3:50 asubuhi kwa saa ya Lisbon, Sikukuu ya Watakatifu Wote. Chanzo kilikuwa chini ya Atlantiki, kusini-magharibi mwa Rasi ya São Vicente. Ni ufa upi hasa uliokatika bado wataalamu wanabishana, kwa hiyo usiweke nukta moja ya kitovu, weka eneo. Ukubwa nao uandike kama masafa, 8.5 hadi 9.0. Anayekuandikia "8.7 kwa kipimo cha Richter" anakupa uhakika usiokuwepo: kipimo hicho kilibuniwa 1935. Na nusu moja ya ukubwa si jambo dogo, maana ni tofauti ya nishati ya karibu mara 5.6.

Kisha orodhesha matetemeko jirani, kwa sababu yatakuvamia. Tarehe 18 Novemba 1755 kulitokea tetemeko la Cape Ann, Massachusetts, lililoangusha mabomba ya moshi huko Boston. Tarehe 27 Novemba eneo la Meknes, Moroko, likapigwa na tetemeko lake lenyewe. Tarehe 9 Desemba ikawa zamu ya Brig, katika Valais ya Uswisi. La Meknes ndilo la hatari zaidi. Uharibifu wake umeunganishwa mara nyingi na ule wa 1 Novemba, hata vifo vya miji miwili ya bara vikahesabiwa kwa tetemeko la Lisbon. Maandishi ya Kiislamu yanasaidia hapa: 1 Novemba iliangukia mwishoni mwa Muharram 1169, ilhali 27 Novemba iliangukia mwezi wa Safar. Ripoti ya Moroko isiyotaja mwezi iweke kando, usiibahatishe. Kumbuka pia kwamba siku ya Kiislamu huanza magharibi, kwa hiyo tukio la usiku linaweza kuruka tarehe moja.

Kwa kalenda za Ulaya, kazi ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Uingereza ilikwisha kuhamia kalenda mpya 1752 na Uswidi 1753. Urusi bado ilikuwa siku 11 nyuma, hivyo barua ya huko yenye tarehe 21 Oktoba inasema siku ileile.

Ripoti zilipo, na upande zinakoelemea

Hazina tatu ndizo za kuanzia.

Ya kwanza ni majibu ya maparoko wa Ureno. Mwanzoni mwa 1756 serikali iliwatumia maswali: tetemeko lilianza saa ngapi na likadumu muda gani, lilionekana kutoka upande gani, nyumba ngapi zilianguka, wangapi walikufa, bahari ilishuka kwanza au ilipanda kwanza, ilipanda shubiri ngapi kuliko kawaida, ardhi ilipasuka na nini kikatoka, visima vilibadilikaje, moto ulidumu muda gani. Majibu yaliyosalia yako katika hifadhi ya taifa ya Torre do Tombo, Lisbon. Mwaka 1758 ulifanyika uchunguzi mwingine mpana wa parokia, nao ulikuwa na swali kuhusu hasara ya 1755 na kama imetengenezwa. Usichanganye hizo mbili: jibu la 1758 limeandikwa miaka zaidi ya miwili baadaye, na "kanisa limetengenezwa" haikuambii lilivunjika kiasi gani.

Ya pili ni ya Uhispania. Mfalme Fernando VI aliagiza uchunguzi wake ndani ya wiki moja ya tukio, na majibu kutoka zaidi ya sehemu 1,000 yamehifadhiwa. Kwa usambazaji sawa wa miji midogo na mikubwa, hii ndiyo bora kuliko zote. Watafiti wengi huanza na Lisbon kwa sababu ya umaarufu wake. Ni afadhali kuanza na Uhispania, ujifunze kupima ukali mahali ambapo taarifa ni nyingi na hofu ilikuwa ndogo.

Ya tatu ni barua zilizochapishwa na Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, katika juzuu la 49 la jarida lake. Hizi ni tajiri kwa habari za maji: mabwawa, mifereji, maziwa na bandari za Uingereza, Ireland, Uholanzi na kwingineko.

Kila hazina ina ulemavu wake. Paroko huanza na kanisa lake, na kanisa lina kuba na mnara vinavyoanguka kabla ya nyumba ya kawaida. Mfanyabiashara huhesabu shehena. Balozi huhesabu raia wa nchi yake. Barua za Royal Society zinatoka kwa watu wenye bwawa la kutazama na muda wa kuandika, kwa hiyo nukta nyingi Uingereza hazimaanishi kwamba maji yaliyumba zaidi huko kuliko Ufaransa.

Jedwali

Safu hizi zinatosha:

- namba ya mstari
- jina la mahali kama lilivyoandikwa, na jina la sasa
- latitudo na longitudo
- mbebaji: mtikisiko, myumbo wa maji yaliyofungiwa, tsunami, chemchemi na visima, moto, uchumi na utawala
- maneno ya ripoti yenyewe, bila kuyapamba
- saa iliyoandikwa, na safu ya pili ya saa iliyorekebishwa
- kipimo kilichoandikwa, na safu ya pili ya mita
- shahidi: aliona mwenyewe, alisimuliwa, au alinakili
- uaminifu, 1 hadi 3 (1 ndio wa juu, 3 ndio wa chini)

Mstari mmoja, jambo moja. Barua ya Cádiz, bandari ya kusini mwa Uhispania, inayosema nyumba zilitikisika, kisha bahari ikabomoa sehemu ya ukuta wa mji, ni mistari miwili, kwa sababu saa zake na wabebaji wake ni tofauti. Ukiiweka katika mmoja, baadaye utampa mtikisiko sifa ya kubomoa ukuta ulioangushwa na maji.

Vipimo vya kale vigeuze mapema. Palmo ya Ureno ni shubiri ya sentimita 22. Braça ni shubiri kumi, yaani mita 2.2. Vara ya Castilla ni karibu sentimita 84. Futi ya Kiingereza ni sentimita 30.5. Légua, kipimo cha masafa marefu ya safari, iache kama ilivyo mpaka ujue ni ya mkoa gani, maana urefu wake ulikuwa ukibadilika. Ukikuta maji yamepanda "shubiri 20" katika mji mmoja na "futi 20" katika mji jirani, ya kwanza ni mita 4.4 na ya pili ni 6.1, tofauti hiyo inatosha kumpotosha mtu anayechora mawimbi.

Jihadhari na nakala zinazojifanya mashahidi. Magazeti ya wakati ule yalinyang'anyana habari. Ripoti mbili zikishiriki kosa lilelile, kwa mfano jina la kijiji lililoandikwa vibaya kwa namna moja, zihesabu kama moja na uiweke ile ya tarehe ya awali.

Kusawazisha saa

Hapa ndipo kazi inaponoga, na ndipo wengi wanapoteleza. Mwaka 1755 kila mji ulikuwa na saa yake kufuatana na jua. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, yaani dakika 4 kwa kila digrii ya longitudo. Mahali palipo mashariki ya Lisbon huongeza dakika, palipo magharibi hupunguza.

Chukua Portsmouth. Lisbon iko longitudo 9.1 magharibi, Portsmouth 1.1 magharibi. Tofauti ni digrii 8, sawa na dakika 32. Saa 3:40 ya Lisbon ni saa 4:12 ya Portsmouth. Mawimbi ya juu ya ardhi husafiri karibu kilomita 3.7 kwa sekunde, na kutoka eneo la chanzo hadi Portsmouth ni kama kilomita 1,750, kwa hiyo ongeza dakika 8. Unatarajia maji ya gati yayumbe saa 4:20. Ripoti ya Portsmouth inasema saa 4:35.

Dakika 15 zimetoka wapi? Kuna jambo moja la kulijua: mwanzoni mwa Novemba saa ya jua hutangulia saa ya wastani (ile inayokwenda sawa mwaka mzima bila kufuata jua) kwa karibu dakika 16, kiasi kikubwa kuliko msimu mwingine wowote wa mwaka. Kama gati la Portsmouth lilifuata saa ya jua, na ile 3:40 ya Lisbon ni ya wastani, hesabu inafunga vizuri ajabu. Lakini usikimbilie kushangilia. Kama Lisbon nayo ilifuata jua, marekebisho mawili yanafutana na dakika 15 zinabaki pale pale. Na saa ya Lisbon yenyewe ina mashaka ya dakika 10 kila upande.

Kwa hiyo jiwekee kanuni: katika tukio hili tofauti yoyote iliyo chini ya dakika 20 haithibitishi kitu. Inatosha kutenganisha mtikisiko na tsunami. Haitoshi kukokotoa mwendo wa mawimbi ya ardhi kati ya Lisbon na Porto, ingawa wapo waliojaribu. Katika jedwali, saa iliyorekebishwa iandike pamoja na mashaka yake.

Kupima ukali kwa maneno

Ukubwa ni wa tetemeko zima; ukali ni wa mahali. Kwa nyumba za karne ya 18 tumia kipimo cha Ulaya cha ukali kiitwacho EMS-98, chenye ngazi I hadi XII, kwa sababu kinauliza nyumba ilijengwa kwa nini kabla ya kuuliza ilivunjika vipi. Nyumba nyingi za vijiji vya Algarve, kusini mwa Ureno, zilikuwa za mawe yasiyochongwa au udongo, daraja A, dhaifu kuliko zote. Uharibifu una ngazi 1 hadi 5: 1 ni nyufa nyembamba, 5 ni kuporomoka.

Soma ripoti na ujiulize mambo mawili tu: ni nyumba ngapi, na zilivunjika kiasi gani. "Chache" kwa kipimo hiki ni chini ya sehemu moja ya tano hivi, "nyingi" ni kutoka hapo hadi karibu nusu au zaidi kidogo, na "nyingi mno" ni zaidi ya hapo. Ukali VII unataka nyumba nyingi za daraja A zipate uharibifu wa ngazi 3. Ukali VIII unataka nyingi zifike ngazi 4, na IX unataka nyingi ziporomoke. Ripoti ikisema "nyumba zote zilianguka", na ukurasa wa pili inasema watu walirudi kulala ndani baada ya wiki, shusha. Ukishindwa kuchagua kati ya VII na VIII, andika VII–VIII. Usitafute wastani.

Kanisa peke yake lisikupe ukali. Huko Coria, magharibi mwa Uhispania, watu walikufa kanisani mbali na pwani. Ukipima mji kwa jengo hilo moja utaupandisha ngazi mbili. Myumbo wa maziwa nao usitumike kupima ukali: Loch Lomond, ziwa la Uskoti, ilipanda futi 2 na inchi 4, kama sentimita 71, mahali ambapo hakuna aliyehisi ardhi ikitikisika.

Udongo nao uandikie safu ya maelezo. Baixa, bonde la chini la Lisbon, ilikaa juu ya mashapo laini yaliyoletwa na vijito na mto Tejo, nayo ikaharibika vibaya. Alfama, juu ya kilima cha mwamba karibu tu na hapo, iliokoka kwa kiasi kikubwa. Kuipa Lisbon nzima ukali mmoja ni kuifuta tofauti hiyo, na ndiyo tofauti yenye faida kwa mpangaji wa mji.

Maji ya namna tatu

Myumbo wa maji yaliyofungiwa hutokea pale mawimbi marefu ya ardhi yanapolingana na mwendo wa asili wa bwawa. Mwendo huo unaukokotoa hivi: zidisha urefu wa bwawa kwa mbili, kisha gawanya kwa kipeuo cha pili cha 9.8 mara kina. Bwawa la mita 100 lenye kina cha mita 3 linatoa sekunde 37. Mawimbi ya tetemeko kubwa kwa umbali wa kilomita 2,000 yana nguvu nyingi katika sekunde kama hizo, ndiyo maana mabwawa ya bustani na mifereji viliyumba huku wenye nyumba wakiwa hawajahisi chochote. Ripoti ikitaja myumbo wa nusu saa katika bandari iliyo wazi, shuku: hiyo yaweza kuwa tsunami.

Tsunami hufuata kanuni nyingine. Mwendo wake, kwa mita kwa sekunde, ni kipeuo cha pili cha 9.8 mara kina cha bahari. Kwenye kina cha mita 4,000 ni karibu kilomita 713 kwa saa. Kwenye mita 100 ni 113 tu. Kwenye mita 20 ni 50.

Jaribu Barbados, iliyo longitudo 59.6 magharibi. Bahari ilionekana kuvurugika huko yapata saa 8 mchana. Tofauti na Lisbon ni digrii 50.5, saa 3 na dakika 22, hivyo kwa saa ya Lisbon ni saa 11:22 jioni. Toa saa 3:40 asubuhi unapata saa 7 na dakika 42. Umbali kutoka chanzo ni kama kilomita 5,500. Gawanya: karibu kilomita 715 kwa saa. Ni mwendo uleule wa bahari ya kina cha mita 4,000, na kina cha Atlantiki katika njia hiyo ni cha kiasi hicho. Ripoti hiyo ipe uaminifu 1.

Sasa Mount's Bay, Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, ambako bahari ilipanda na kushuka kuanzia saa 8 mchana hivi. Cornwall iko mashariki ya Lisbon kwa dakika 14, kwa hiyo ni kama saa 7:45 kwa Lisbon, saa nne baada ya tetemeko. Umbali ni kilomita 1,500, na ukigawanya unapata 370 kwa saa tu. Ripoti si mbaya. Kilomita 1,200 za kwanza ni bahari ya kina, saa 1 na dakika 40. Kilomita 300 za mwisho ni jukwaa la bara lenye maji mafupi, zaidi ya saa mbili na nusu. Anayetumia mwendo mmoja kwa njia nzima ataitupa ripoti nzuri, au atabuni tetemeko la pili kuieleza.

Kuhusu kimo, uliza daima: juu ya nini? Lisbon maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Tarehe 1 Novemba 1755 mwezi ulikuwa na umri wa siku 26 hivi, mwandamo ukikaribia, kwa hiyo bamvua ilikuwa njiani. "Mita 5 juu ya kawaida" wakati maji yamepwa ni jambo moja, wakati yamejaa ni jingine kabisa. Kwa Cádiz maandishi ya kale yana vimo vya kufikia mita 18, na tafiti za baadaye zimevishusha sana. Mara nyingi aliyeandika alipima mahali maji yaliporuka baada ya kupiga ukuta. Kwa kila kimo andika kama ni usawa wa bahari, mahali maji yalipofika bara, au marusho.

Swali la bahari kushuka au kupanda kwanza usilipite. Jibu lake, likikusanywa pwani nzima, huonyesha upande upi wa sakafu ya bahari uliinuka.

Chemchemi ni fupi. Mfano maarufu ni Teplice, Bohemia (Ucheki ya leo), ambako maji moto yalichafuka na kufurika siku hiyohiyo. Andika rangi, wingi, joto na muda, na kama ilirudi katika hali yake.

Moto, na hesabu ya waliokufa

Mishumaa ya sikukuu na meko ya asubuhi vilianzisha moto sehemu nyingi kwa pamoja, nao ukadumu siku tano hadi sita. Kutenganisha hasara ya moto na ya mtikisiko, tafuta tarehe ya hasara ya kila jengo. Jumba la kifalme la Ribeira na maktaba yake, hospitali ya Todos os Santos na ghala za bidhaa viliathiriwa na zaidi ya mbebaji mmoja. Kuta zilipasuka asubuhi. Vitabu na bidhaa viliungua baadaye. Kwa thamani ya fedha, moto pengine ulichukua zaidi, kwa sababu mali iliyo chini ya kifusi huokolewa, ya majivu haiokolewi.

Vifo viandike kwa masafa na kwa eneo. Utakuta namba kutoka 10,000 hadi 100,000. Lisbon ilikuwa na watu kama 200,000, kwa hiyo ya juu ingekuwa nusu ya mji, jambo ambalo vitabu vya parokia haviungi mkono. Makadirio mengi ya kisasa yako kati ya 20,000 na 40,000. Kwanza uliza kama namba ni ya Lisbon peke yake, ya Ureno yote, au pamoja na Uhispania na Moroko. Kwa Uhispania mgawanyo kwa mbebaji unafundisha sana: bahari iliua zaidi ya watu 1,000, hasa ukanda wa Ayamonte na Cádiz, na mtikisiko uliua makumi tu. Anayepaka ramani ya vifo vya Uhispania kwa rangi ya ukali atapata picha ya uongo.

Fedha, amri na mawazo

Huku mbebaji haonekani kwa macho, kwa hiyo kila mstari unataka hati: amri, risiti, barua ya siku. Kwa vitabu vya hesabu, cruzado moja ni réis 400, na conto moja ni réis milioni moja.

Mifano inayosimama vizuri: bei za vyakula na kodi za nyumba zilifungwa katika viwango vya kabla ya tetemeko. Ujenzi ulikatazwa hadi mji upimwe. Wafanyabiashara walikubali mchango wa asilimia 4 juu ya bidhaa zinazoingia, uliosaidia kujenga upya. Bunge la Uingereza lilitoa msaada wa pauni 100,000. Mwanauchumi Álvaro Pereira amekadiria hasara nzima kuwa kati ya asilimia 32 na 48 ya pato la mwaka la Ureno. Nakili masafa yote mawili, usichukue la juu kwa sababu linavutia.

Ujenzi una ushahidi unaoshikika. Mhandisi Manuel da Maia alitoa sehemu ya kwanza ya mapendekezo yake 4 Desemba 1755, na mpango wa Eugénio dos Santos ukaidhinishwa 1758: barabara kuu za Baixa shubiri 60, yaani mita 13.2. Ndani ya kuta za ghorofa kuna gaiola, fremu ya mbao yenye mihimili iliyopishana kama herufi X, nafasi zake zikajazwa mawe na chokaa. Mbao hukubali kupinda mahali ambapo jiwe lingepasuka. Ghorofa ya chini ni ya mawe, fremu inaanzia juu yake. Ukitembelea jengo lililokatwa hiyo mihimili ili kupanua duka, fahamu kwamba kinga yake imeondolewa pia. Hadithi ya askari waliopiga gwaride kuizunguka fremu ili kuijaribu iweke uaminifu 3.

Kwa siasa, tumia jaribio moja: je, mgogoro ulikuwepo kabla ya Novemba 1755? Wajesuiti, shirika la watawa wa Kikatoliki, walifukuzwa Ureno 1759, na wengi huandika hilo kama matokeo ya tetemeko. Ugomvi na serikali kuhusu makoloni ya Amerika Kusini ulikwisha kuanza. Kijitabu cha 1756 cha Padre Malagrida, Mjesuiti, kilichosema tetemeko ni adhabu ya dhambi, kiliuchochea. Andika "lilichangia". Na waziri aliyeongoza ujenzi mpya na kuwafukuza Wajesuiti mwite Sebastião José de Carvalho e Melo unaposimulia 1755; cheo cha Marquês de Pombal alikipata 1769.

Mawazo yana mnyororo unaofuatilika. Mwanafalsafa Kant aliandika makala tatu 1756 akitafuta chanzo cha asili, ingawa mapango yake ya gesi hayakuwa sahihi. Mwanasayansi Mwingereza John Michell, 1760, alitumia ripoti hizihizi za saa na maji kusema kwamba tetemeko husafiri kama mawimbi ndani ya tabaka za miamba. Mwanafalsafa Rousseau, akimjibu mwandishi Voltaire, alisema si maumbile yaliyojenga pale nyumba elfu ishirini za ghorofa sita au saba. Hayo matatu yana tarehe na maandishi. "Ulaya ilipoteza imani" haina, iache.

Ramani

Chora tabaka moja kwa kila mbebaji, uweze kuzima na kuwasha. Mtikisiko uwe miduara iliyopakwa rangi kwa ukali. Tsunami iwe mishale pwani yenye saa iliyorekebishwa na kimo. Myumbo wa maji uwe alama ya buluu isiyo na ukubwa, maana vimo vyake havilinganishwi bwawa kwa bwawa. Mistari ya ukali sawa ichore tu pale nukta zinapokaribiana, yaani Ureno na Uhispania. Usiipitishe baharini, na usiinyooshe hadi Moroko kwa mkono, hasa kama hujamaliza kutenga ripoti za Meknes.

Kisha weka alama ambayo ramani nyingi huisahau: duara tupu kwa kila mahali palipojibu kwamba hapakuhisiwa kitu, au palipohisiwa bila hasara. Majibu ya Uhispania yana mengi ya namna hiyo. Mahali pasipo ripoti kabisa paache wazi bila duara, na ueleze tofauti hiyo kwenye ufunguo wa ramani.